Waya Shingoni mwa Mvule

Alikuwa ameshaipita nyumba ya mwisho, na jalala, na mbwa asiye na mwenyewe, watu walipoanza kumwita. Kwanza walimwita Sikudhani, kwa kuwa ndilo jina alilokuwa amelivaa kwa muda mrefu. Hakugeuka. Wakamwita Chausiku, wakamwita Mwanahawa, wakamwita hata Athumani, maana katika mji ule majina nayo yalikuwa ya wote. Yalining'inia kwenye vigingi penye lango, na kila asubuhi mtu aliamka akatwaa lililokuwa karibu na mkono wake, kama unavyotwaa kata ya kunywea maji. Yeye alidumu na Sikudhani kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyelitaka. Nani alitake jina la mtu aliyeshtukizwa?

Ndani ya upindo wa kanga yake palikuwa na plaizi, baridi, iliyomgusa nyama kila alipokanyaga, na patasi, na nyundo ndogo ya fundi viatu. Nyuma yake ngoma zilikuwa zinapashwa kwenye moto wa makuti zikaze. Alijua maana ya moto huo. Jua likifika utosini, mji mzima utakuwa msituni kuufunga mvule jike waya mwingine. Na mvule jike, kama macho yake hayakumdanganya, haukuwa tena na pumzi ya kubeba waya mwingine.

Sasa, mgeni atauliza: waya wa nini shingoni mwa mti?

Zamani, kama zamani ni kitu kilichopo, msitu ulianza kwenye vizingiti vya nyumba na kwenda mpaka vilimani, hata mtu akisema "nakwenda msituni" walimcheka, maana alikuwemo tayari. Kisha wakaja watu wa mashoka. Hawakuja kwa vita. Walikuja kwa salamu, wakakata mninga, wakakata mkongo, wakakata mkangazi, na vilima walivyovimaliza wakavipanda mikaratusi, safu kwa safu kama askari wa gwaride, mahali ambapo ndege akitua huondoka akidhani amekosea njia. Mji ukaogopa. Pakakaliwa kikao na pande mbili, ikapatikana sheria moja, fupi kama kisu cha jikoni: mti wenye waya ni wa wote, na haukatwi; mti usio na waya, au uliokufa, ni wa atakayewahi kuuwekea kiganja na kusema, huu wangu.

Basi mji ukaifunga miti yote. Waya uliviringwa pale kwenye kimo cha kifua cha mtu, pale walipopaita shingo, ukakazwa mpaka ukalia, ukatiwa fundo, fundo likatemewa mate ya tambuu na kunenewa: atakayekufungua, tumbo limvimbe. Hilo ndilo lililokuwa kago la mji, zindiko lake dhidi ya wezi. Watu wa mashoka waliliheshimu. Hawakugusa hata mti mmoja uliofungwa. Walipiga kambi pembezoni mwa msitu, wakakaa.

Lakini mti si sufuria. Mti hauwekwi ukabaki na kiuno kilekile. Miaka ilipita, miti ikanenepa ndani ya waya, waya ukazama kwenye gome, na juu ya waya gome likafura likamwagika nje kama nyama ya mkono uliovaa pete ya utotoni. Tumbo lililovimba likawa la mti. Kisha majani yakawa manjano upande mmoja, kisha upande wa pili, na siku ya upepo mti ukaanguka, ukivunjikia palepale. Mji ukasema, ni uchawi wa watu wa mashoka. Dawa ikawa moja: ongezeni waya.

Sikudhani mwenyewe alikuwa mkazaji. Mikono yake ilikuwa na sugu za kazi hiyo. Alisimama barazani akawaambia, jamani, miti yote inavunjikia kwenye waya. Mkuu wa Waya, Mwanamvua, ambaye jina lake hapakuwa na aliyethubutu kulitwaa, aliyekuwa wifi yake kwa marehemu mume wake, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mbele ya watu: "Kwa hiyo wifi, mtoto akikohoa na shuka mwilini, tumvue shuka?" Watu walicheka. Kicheko kile ndicho kilichompa plaizi mkononi.

*

Kambini, watu wa mashoka walikuwa wananoa. Walinoa bila papara, maji kidogo, jiwe, maji kidogo. Kitwana, kiongozi wao, mtu mpole mwenye ndevu zilizochanwa, alisimama akampisha njia kama anavyopishwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unakwenda kuona wagonjwa?"

"Nakwenda kutembea."

"Na plaizi?"

Mkono wake ulikwenda kiunoni kabla hajauzuia. Wanaume wakacheka, bila ubaya.

"Usiogope, mama, sisi watu wa sheria," alisema Kitwana. "Mti wenye waya hatuugusi. Tunangoja. Haraka ni ugonjwa wa wenye mashoka butu."

"Mnangoja ufe."

"Kila kitu hufa, mama."

"Kinakufa kwa waya."

"Waya si mzuri?" Kitwana aligeuka akaonyesha banda la makuti nyuma yake. Koili za waya mpya zilikuwa zimepangwa humo mpaka darini, zinang'aa. "Tunawapa bure. Tangu enzi za babu yangu tunawapa bure. Hakuna hata siku moja mtu wa mji wenu aliyeuliza kwa nini."

Sikudhani alitazama koili. Alikuwa amezibeba kichwani miaka yote kutoka barazani. Alijua uzito wake, alijua zinavyokata utosi hata ukiweka kata ya kitambaa. Hakuwa amewahi kujua zinatoka mlango gani. Zilikuwa za wote. Cha wote hakina mlango.

"Nenda kakate," Kitwana alimwambia, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake kisimani. "Ukikata, tunakuja nyuma yako. Usipokata, tunakaa. Yote kwetu ni kazi."

Aliondoka akiwasikia wanainuka mmoja mmoja na kukung'uta suruali zao.

*

Nikikata, shoka, aliwaza Sikudhani njiani. Nisipokata, waya.

Nikikata leo, wanaukata leo. Nisipokata, unakufa wenyewe, mji utaulia kwa ngoma, na huko kulia nako kutaitwa ulinzi. Mlinzi analinda nini? Analinda kitu, au analinda kulinda kwake? Mwizi humjui, ila mlinzi unamjua, unamwamkia, unampa chai. Nani ameua zaidi?

Wala si swali la miti peke yake. Mimi nililindwa. Niliolewa nikalindwa, nikafiwa nikalindwa, kila mwaka fundo, na kila mtu akisema, tazameni alivyokazwa vizuri. Ukipumua sana unaambiwa huna shukrani.

Tembea, mwanamke.

Msitu ule haukuweka siku kwa mpangilio. Mtu akiingia ndani zaidi alikanyaga miaka iliyokwisha kupita, kama anavyokanyaga majani yaliyoanguka kabla ya yale ya juu. Sikudhani alilijua hilo, ila hakuwahi kufika mbali kiasi hiki akiwa peke yake. Maumivu ya magoti yalianza kumwacha. Sugu za viganja zikalainika. Miti aliyoiona ikiwa magogo ilikuwa imesimama tena, myembamba, na kati ya vigogo aliwaona watu: mji wake, siku ya waya wa kwanza. Walikuwa vijana. Walikuwa wakiimba, na wengine walikuwa wanalia kwa furaha, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuona vilima vinavyokatwa na sasa hatimaye walikuwa na kitu cha kufanya. Mwanamke mmoja aliuviringa waya kwenye mche wa mvule usiozidi unene wa paja lake, na kabla ya kukaza aliubusu. Sikudhani hakuwahi kuona mtu akimbusu mtoto vile.

"Legezeni!" alipaza sauti. "Acheni nafasi! Utanenepa huo!"

Yule mwanamke aliinua uso. Ilikuwa kama amesikia, au kama amesikia upepo tu. "Tukilegeza," alisema, pengine kwa aliyekuwa kando yake, "kesho watasema hatukuupenda." Akakaza mpaka waya ukalia.

Sikudhani alipita katikati yao. Hawakuwa na baridi ya mizimu. Walikuwa na jasho. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba hakukuwa na mtu mbaya pale. Angempata mbaya angemchukia, na chuki ingempa miguu. Alitafuta uso hata mmoja wa kulaumu akaukosa, na mbele yake, nyuma ya siku ile, mvule jike ukatokea ukiwa umezeeka tena ghafla, na maumivu ya magoti yake nayo yakarudi yote.

*

Ulikuwa mkubwa kiasi cha kuziba anga. Nusu ya kichwa chake ilikuwa tupu, matawi meupe kama mifupa iliyoanikwa. Nusu nyingine ilikuwa na majani, na katikati ya majani palining'inia matunda yake marefu ya kijani, laini kama viwavi, bado wiki chache kuiva. Ng'ambo ya kijito mivule dume ilikuwepo miwili mitatu, lakini dume hazai. Jike lilibaki hili. Matunda haya yakiiva, popo watakuja kuyala na kuzitawanya mbegu mbali, wanakojua wao. Mti ukifa kabla, basi. Hakutakuwa na mvule mwingine, si kwa waya wala kwa wimbo.

Ngoma zilisikika tayari, chini, upande wa mji.

Alipiga magoti. Waya wa kwanza haukuonekana kabisa. Gome lilikuwa limeumeza, pamebaki mfereji kama kovu la upasuaji. Wa pili ulionekana kwa vipande. Wa tatu ulikuwa juu juu, unang'aa. Alishika plaizi, akaiweka kwenye fundo la tatu, akasita. Aliweka kiganja cha kushoto tumboni pake.

Akakata.

Waya ulirukia nyuma ukamchana shavu. Tumbo lilinguruma. Alingoja livimbe. Lilinguruma tena, akakumbuka hajala tangu jana, akacheka peke yake, kicheko kibaya, cha kukohoa.

Wa pili aliukata palipojitokeza. Alipojaribu kuuvuta utoke, utomvu mweupe ulibubujika kama maziwa ya mama aliyefiwa na mtoto, akauacha mara moja. Akaamua: sitang'oa kitu, nitakata kila panapofikika, vipande vibaki humohumo ndani, ilimradi duara livunjike. Kwa wa kwanza ilibidi patasi. Aliiweka ncha yake kwenye kovu na kupiga kwa nyundo, polepole, huku akisema samahani, samahani, kama anayemtoa mtoto mwiba. Chuma kiligonga chuma. Alipiga. Jasho liliingia kwenye mchano wa shavu. Ngoma zilikuwa zimeshavuka kijito.

Alipiga mpaka mkono wenyewe ukakataa, na ndani ya mti kitu kikalia, *tang*, kama uzi wa zeze unaokatika. Hakikuanguka kitu. Hakuna jani lililotikisika. Lakini kiganja chake, kilichokuwa kimeegemea gome, kilihisi kitu kidogo sana kikilegea, mbali, kama mtu mzima anayeshusha mabega.

"Sikudhani!"

Wifi yake alikuwa mbele ya watu, koili mpya kichwani, kanga imefungwa kibwebwe. Nyuma yake mji mzima, na ngoma zikafa moja baada ya nyingine. Upande wa pili, bila kelele, watu wa mashoka walikuwa wamefika na kusimama kwa adabu.

"Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Nimekata, wifi."

"Nimekuona umekata! Nakuuliza umefanya nini!" Mwanamvua alitupa koili chini. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa hasira peke yake. "Mama aliufunga mti huu. Mimi nimeufunga. Kaka, aliyekuoa wewe na pua lako hilo, aliufunga akiwa na homa. Na leo umewafungulia mlango hawa?"

"Mlango walishapewa, wifi. Waya mnaufuata wapi?"

"Waya ni wa wote."

"Unatoka kwao. Banda limejaa. Muulize."

Mwanamvua alimtazama Kitwana. Kitwana aliinamisha kichwa, hakukana. Kwa muda kidogo uso wa Mwanamvua ulikuwa uso wa mtu anayehesabu maisha yake yote upya na kukuta hayatoshi. Kisha akaufunga uso huo, kwa kukaza.

"Hata kama," alisema. "Leteni waya. Tunaufunga upya."

"Ukifungwa upya unakufa kabla ya matunda!"

"Ukibaki wazi unakufa sasa hivi! Hao hapo! Una macho au una matundu?"

Vijana wawili waliinua koili. Kitwana naye alipiga hatua moja mbele, akikunjua kiganja chake, kiganja safi, cha mtu anayenawa mara kwa mara. Pande zote mbili zilikuwa zimeukaribia mti sawasawa. Sikudhani aliona mikono miwili inakuja, wa kufunga na wa kukata, na aliona kwamba ilikuwa inafanana.

Akageuka, akaubandika mgongo wake kwenye gome, viganja vyote viwili nyuma, kwenye utomvu.

"Huu wangu," alisema.

Katika mji ule mtu angeweza kutembea uchi akacheka­cheka na watu wakampa nguo. Lakini neno hilo hapakuwa na aliyewahi kulisema, hata juu ya mtoto wake, hata juu ya jino lake linapouma. Mwanamke mmoja alimziba mwanawe masikio.

"Rudia," alisema Mwanamvua, kwa sauti ya chini.

"Wangu. Nimewahi. Sheria ndivyo isemavyo."

Kitwana alishusha kiganja. Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la kheri kabisa, ndiyo maana lilitisha.

"Mama amewahi," aliwaambia watu wake. "Sheria ni sheria." Kisha akamgeukia. "Ila nikuambie, mama, kwa kuwa nakuheshimu. Cha wote hatukuwahi kukinunua, kwa sababu hapakuwa na wa kumuuliza bei. Sasa yupo. Tutakuja na kahawa. Tutakuja msimu wa njaa. Kila aliyesema 'wangu' mbele yetu, huko vilimani, tuliishia kuelewana naye."

Sikudhani alijua kwamba anasema kweli. Hilo ndilo lililobaki kifuani mwake, zito kuliko koili: kwamba ameutoa mti kwenye waya akautundika shingoni mwake mwenyewe, na yeye naye ni mtu anayepata njaa, anayezeeka, anayesahau. Aliwatazama watu wake. Alitaka mmoja wao amtukane tena kama mtu wa nyumbani.

"Wifi," alisema.

"Mimi si wifi yako," alisema Mwanamvua. "Kaka hakuoa mtu mwenye kitu chake." Akaokota koili, akaipangusa vumbi, akaiweka kichwani. "Na jina hilo baki nalo. Halitundikwi tena langoni."

Wakaondoka. Watu wa mashoka nao wakaondoka, wakimuaga mmoja mmoja.

*

Yaliyowapata ni haya.

Mvule jike haukupona wote. Upande uliokuwa mtupu ulibaki mtupu ukaoza. Upande wa pili ulizaa mwaka ule, na miaka mingine kadhaa, si kila mwaka.

Mwanamvua aliendelea kuifunga miti iliyobaki. Alijua waya unatoka wapi na aliendelea kuufuata kulekule. Miti ilipokwisha, alifunga visima, halafu milango. Alifariki akiwa mtu wa kuheshimiwa, na ngoma zilipigwa.

Mji ulihamia vilimani, karibu na mikaratusi. Visima vya huko vilikauka, maana mikaratusi hunywa maji mengi. Wengine walirudi, wengine walikwenda kusikojulikana, majina mengi yakabaki kwenye vigingi bila mtu.

Kitwana alikuja kila kiangazi na kahawa. Sikudhani aliinywa. Mwaka wa njaa kubwa alimuuzia tawi moja la upande uliooza, akala miezi miwili, na hakulala vizuri mpaka alipokufa. Shina hakuuza. Kitwana alizeeka, macho yakaisha, akaenda kukaa kwa binti yake. Kazi ilirithiwa na mpwa wake, ambaye hakupenda kahawa.

Sikudhani alifia pale chini ya mti, wakati wa masika. Alizikwa na wapita njia. Kwa kuwa mwenyewe alikufa, mti ukawa wa atakayewahi, na aliyewahi ni mpwa wa Kitwana. Aliukata wiki ileile. Ulitoa mbao nzuri kutoka upande mmoja. Ndani ya shina lake msumeno uliharibika kwa vipande vya waya.

Popo walikuwa wameshazipeleka mbegu. Ziliota kwenye makorongo, nyuma ya vyoo, kwenye mashamba yaliyoachwa. Miche mingi iling'olewa kama magugu. Michache imekuwa mirefu kupita paa la nyumba, na wanaopumzika kivulini mwake hawajui ni mti gani.